Kitochi cha Mimba ya Pili

Mimba yangu ya pili ilipoingia mwezi wa nane, mama mkwe alinipeleka Bagamoyo mjini kununua kitochi, simu ndogo ya vitufe. Mtoto wa kwanza nilimpoteza nyumbani kwetu Mkange. Uchungu ulinishika nikiwa peke yangu, na simu yangu ya kupangusa ilikuwa imeisha chaji.

"Nataka inayokaa na chaji," nilimwambia muuzaji.

Alituwekea tatu mezani. Mama mkwe akachukua moja, akaiachia makusudi. Betri ikaruka huku, kifuniko kule.

"Mama, unaivunja!" muuzaji alimaka.

"Siku hiyo mikono itamtetemeka," mama alijibu. "Bora nijue sasa."

Muuzaji akaiunganisha, ikawaka. Tukainunua hiyohiyo.

Tulipofika nyumbani hofu ilinirudia, maana chumbani mtandao haukushika. Tulizunguka nyumba nzima nimeinua simu juu, mpaka ukashika karibu na dirisha la sebuleni. Mume wangu akahamishia kitanda pale. Kila mtoto alipotulia tumboni, nilitazama kama mtandao bado upo.

Siku moja ya mwezi wa tisa uchungu ulianza baada ya adhuhuri, wenzangu wakiwa shamba. Nilimpigia jirani mwenye gari.

"Nakuja, dada. Usifunge mlango," alisema, nami nikaangua kilio.

Binti yangu alizaliwa zahanati kabla ya magharibi. Hakulia. Mkunga alimsugua mgongo kwa kitenge, akamsugua tena, na mimi nilifumba macho nisione uso wa mkunga. Ndipo nikamsikia mwanangu akilia.