Zamu Mbili za Hotelini

Mwanarusi binti Chirau bin Mwinga, wa Kinondo. Babu yake, Mwinga, ndiye aliyechimba kisima walichonywea watu kabla mifereji haijafika. Baba yake, Chirau, alibeba mawe ya msikiti kichwani na hakudai hata chai. Yeye mwenyewe Mwanarusi alitandika vitanda vya hoteli ya Diani miaka ishirini na saba, akazaa watano, wa kwanza Luqman, akazika mmoja, na mumewe alipooa mke wa pili, alimpikia bibi harusi pilau kwa mikono yake. Watu waliisifu sana pilau ile. Hakuna aliyeuliza kama mpishi aliila.

Mke wa pili alikuwa Twaiba, wa Jego. Nyumba zao zilitazamana uani, na Mzee Abdulrahim alilala kwa zamu: siku mbili kwa huyu, siku mbili kwa huyu. Miaka thelathini na mmoja, iwe mvua, iwe homa, iwe matanga, zamu haikuvunjwa.

Basi Amin, mwana wa Twaiba, anayefanya kazi Doha, akawakatia baba yake na mama yake tiketi za meli ya watalii, ile kubwa kama mtaa, siku kumi na moja baharini kutoka Mombasa. Tiketi zilikuwa na majina na nambari za pasi, na Mwanarusi pasi hana. Alisema, "Mwenyezi Mungu awape salama," kisha akaingia ndani akafua nguo zilizokuwa safi.

Haikutosha. Amin akaongeza siku mbili za hoteli huko Diani kabla ya meli, wazee wapumzike na kutembea kidogo. Jioni moja Twaiba akaketi mkekani na kalamu yake, anapanga kwa sauti ya kusikika nyumba zote mbili.

"Alhamisi tunaingia hotelini. Ijumaa asubuhi mashua ya kioo, tuwaone samaki. Alasiri ngamia, pale ufuoni. Jumamosi gari linatupeleka bandarini."

"Upande ngamia wewe, Mama Amin?" Mwanarusi akasema kutoka barazani. "Kwa nyonga hizo usizoweza kuinamia ufagio?"

"Ngamia ndiye atakayeinama, dada."

Mwanarusi akauliza, "Hoteli gani?"

Twaiba akaitaja. Ilikuwa ile ile. Mwanarusi aliijua chumba kwa chumba, ajua mlango unaokwama na bomba linalolia. Miaka ishirini na saba hakupata kuketi hata ukingoni mwa kitanda, maana aliyekutwa ameketi alirudishwa kwao siku hiyo hiyo. Na sasa huyu, asiyejua kukunja shuka, ndiye wa kulala.

"Alhamisi na Ijumaa," akauliza polepole, "ni zamu ya nani?"

Kalamu ya Twaiba ikasimama. Mzee Abdulrahim akakohoa kikohozi asichokuwa nacho.

"Dada, hii ni safari, na safari haina zamu."

"Safari ni meli, na meli yaondoka Jumamosi. Diani si safari, Diani nimekwenda na kurudi kwa miguu yangu tangu ujana. Baba Luqman, sema wewe. Alhamisi unalala wapi?"

Mzee akaitazama fimbo yake. "Kwako."

"Na karatasi ya hoteli imeandikwaje?"

"Abdulrahim na mke."

"Basi mke huyu hapa."

Twaiba alilia siku mbili, lakini zamu ni zamu, naye alilijua hilo. Mwanarusi akaichukua ile karatasi, akafuta mashua, akafuta ngamia, akaandika Kaya Kinondo. Wazungu hutoka kwao kuja kuuona msitu wa wazee wake, na mumewe mwenyewe, mtu wa Tiwi, hajapata kuuingia.

Mapokezini walimkuta binti wa bara, Eunice. "Karibu sana, mamaa. Mmekuja ku-visit mgeni?"

"Mgeni ni mimi."

Chumbani jambo la kwanza aliloona ni pembe za shuka, zimekunjwa ovyo. Akakibomoa kitanda kizima, akakitandika upya, kisha akaketi juu yake kwa uzito wake wote. Raha ile haikumaliza dakika.

"Godoro hili!" mzee akasema. "Mama Amin na mgongo wake angelipenda."

Akamtaja tena kwenye maji ya maembe. Akamtaja tena kwenye bwawa la kuogelea. Kila tonge la Mwanarusi likashuka na jina la Twaiba.

Ijumaa asubuhi wakaingia Kaya, wamejifunga kaniki nyeusi kiunoni kama inavyompasa kila aingiaye. Mwanarusi alitembea mbele, akionyesha huku na huku, akasahau kutazama nyuma. Mzee akajikwaa kwenye mzizi, kidole gumba kikachubuka. Na mzee ana sukari, kidonda cha mguu kwake si mchezo.

Muuguzi wa hoteli alikisafisha. "Si kitu, bibi," akamwambia Mwanarusi mlangoni. "Kioshwe tu kila siku na kitazamwe. Kusafiri anaweza."

Maneno hayo aliyasikia Mwanarusi peke yake, na aliyaficha tangu adhuhuri hiyo hadi asubuhi. Angenyamaza tu, au angetikisa kichwa kidogo, meli ingeondoka bila mzee.

Jumamosi Twaiba akafika chumbani na masanduku mawili, ananukia udi, mabangili hadi viwikoni. Akaiona bandeji, uso ukamwanguka.

"Dada, muuguzi amesemaje?"

Mwanarusi akainama kukunja pembe ya shuka. Mzee alikuwa ameketi kitandani na kanzu yake mpya, mguu mmoja una kiatu, mmoja hauna.

"Mama Luqman," akasema, "mguu huu waujua wewe. Ukisema nisiende, siendi."

Alisema mbele ya Twaiba. Mwanarusi akamtazama mke mwenzake, akaona kwamba amesikia vizuri. Wivu haukuisha, la. Lakini kumzuia mwanamume kwa kidole gumba, yeye binti Chirau, hilo aliliona dogo mno kwake.

"Muuguzi amesema anaweza kwenda," akasema. "Njoo hapa, Mama Amin. Vua hayo mabangili, piga magoti."

Twaiba akapiga magoti.

"Kila jioni, maji ya uvuguvugu na sabuni. Kausha hapa, katikati ya vidole, usisugue. Kisha dawa hii. Nyayo zote mbili uzitazame kwa taa, kwa sababu yeye hasikii maumivu, atakwambia hakuna kitu. Kikivimba, daktari wa meli, siku hiyo hiyo. Na usimtie viatu vya kubana ati mpige picha."

"Nimesikia, dada."

"Sikukwambia usikie. Maji hayo hapo. Osha, nikuone."