Jasho la Mwalimu wa Michezo

Tangu arudi kutoka likizo ya uzazi, mwalimu wa michezo hukimbia nyuma ya wasichana wa timu yake, yeye ambaye zamani waliona visigino vyake tu. Herieth, mwalimu mwenzake ambaye darasa lake linatazamana na uwanja, humwona akiinamisha kichwa kunusa kwapa, kisha akijifuta upesi kwa kitenge cha kumbebea mtoto. Jasho lake limekuwa chachu, na sabuni hailiwezi. Nesi wa zahanati ya Makere alimwambia ni mwili wa mzazi, utatulia. Lakini haujatulia, na asubuhi moja alimnong'oneza Herieth kwamba kesho yake ataiacha timu. Alisema hivyo huku mikono ameibana mbavuni, kama mtu anayesikia baridi.

Jioni hiyo, walipopumzika katikati ya mazoezi, msichana mmoja alikunja pua. "Jamani, nani kaanika muhogo wa kuvundika karibu hapa?"

"Labda umeuficha kwenye soksi zako!" mwenzake akamjibu, wakacheka. Herieth, aliyekuwa amekuja kutazama mazoezi, akainua mkono kuwanyamazisha.

"Hakuna muhogo," mwalimu akasema kwa sauti ya chini. "Ni mimi. Ninanyonyesha, na jasho langu limebadilika."

Kicheko kikakatika. Yule msichana akainamisha uso. "Tusamehe, Madamu."

 Mwalimu aliwapita wote, akaanza kukimbia mbele yao kama zamani, mikono ikipunga wazi, na upepo ukawapelekea harufu yake yote. Wakamfuata mbio.