Mwanamke wa Saruji Kisimani kwa Mhindi

Mamangu nilimwona mara moja tu nikiwa na akili zangu, na siku hiyo alikuwa wa saruji. Cheka ukitaka, wengi wamecheka nikiwasimulia. Mimi sikucheka siku ile na hata leo sijapata cha kucheka.

Alikufa kwa uzazi, yeye na mtoto aliyekuwa tumboni, na mimi ndiyo kwanza nimeachishwa ziwa. Tukabaki watu watatu katika nyumba ya udongo huko Junda: babangu, mimi, na bibi, mamake mamangu, aliyehamia kwetu kunilea. Picha haikubaki hata moja. Bibi alizichoma zote matanga yalipokwisha, ya harusi na zote nyingine, kwa sababu kwetu wako wanaoamini kuwa picha ya maiti ikikaa ukutani mwenyewe hapumziki kaburini. Kipande chake, kile kitambulisho chenye picha, kilirudishwa kwa chifu. Basi, mtu mzima akafutika hivyo.

Nikimuuliza bibi mamangu alikuwaje, hujibu, "Alikuwa mtu. Kachote maji." Nikimuuliza babangu, husema, "Mzuri." Mzuri! Sasa mzuri ndiyo nini? Nikilala nilikuwa naomba nimwote, na nilikuwa namwota kweli: mwanamke ana nguo, ana mikono, ananiita, na pale penye uso hapana kitu. Nilikuwa nawaonea wivu hata wasichana waliochapwa na mama zao, kwa kuwa angalau walijua wanachapwa na uso gani.

Babangu alikuwa fundi wa plasta. Ukipitisha kiganja kwenye ukuta wake hupati donge. Mzee mmoja wa Kihindi, mwenye shamba la minazi Kisauni ndani, alimwita amtengenezee bustani, na haikuwa ya maua. Alitaka masanamu ya kijiji alikotoka babu yake huko Bara Hindi, ya ukubwa wa mtu, yakae nje chini ya minazi, wajukuu zake waliozaliwa Mombasa wapate kuona wazee wao waliishi vipi. Babangu akakunja nondo, akazivika waya wa kuku, akakandika saruji juu yake. Nyumbani alisema anajenga ukuta. Angesema nini? Sote tulikuwa tumesomeshwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, kwamba anayefinyanga kiumbe ataambiwa Siku ya Kiyama akipulizie roho. Bibi angemrushia mwiko na ndoo yake nje.

Kazi ikamalizika, na Idd ilipofika Mhindi akafungua lango, watu waingie watazame. Idd Pili mtaa mzima hauna hadithi nyingine. Bibi akatangaza kuwa na sisi tutakwenda.

"Mama, twendeni Likoni," babangu akasema. "Tuvuke feri, mtoto akale viazi karai."

"Feri nimeivuka wewe hujazaliwa. Mimi leo nataka kuwaona hao Wahindi wa saruji."

"Lakini mama, masanamu si haramu?"

"Kuyatengeneza ndiyo haramu. Kuyatazama nani kakwambia?"

Ndiye bibi huyo. Sheria aliijua, na milango yake ya nyuma aliijua pia. Akavaa buibui lake la sikukuu, akatupa leso begani, nami nikavaa gauni la Idd la nailoni lililokuwa linaniwasha shingoni. Babangu alitufuata nyuma kama mtu anayepelekwa korokoroni, na sisi tukadhani amechoka tu.

Wallahi ile ilikuwa kazi. Ndani ya lango kulikuwa na mwanamke anasaga nafaka kwa jiwe, ukimtazama unangoja unga umwagike. Kulikuwa na mfinyanzi na vyungu vyake, na kinyozi amechuchumaa anamnyoa mtu aliyefumba macho. Chini ya mnazi mzee wa kilemba amekaa juu ya kitanda cha kamba. Bibi, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufanya ukungu, akasimama mbele ya mzee yule kwa heshima zote.

"Masalkheri, mzee wangu."

Kimya.

"Masalkheri!" akaongeza sauti. Mzee hakutikisika. Bibi akanigeukia, amekasirika. "Hebu tazama! Mtu mzima ovyo, salamu hajibu."

Watu wakaangua kicheko, na alipofahamu akacheka yeye mwenyewe mpaka akashika kiuno. "Na kitanda chenyewe kama chetu," akasema, akazidi kucheka. Nilikuwa sijawahi kumwona bibi amefurahi vile. Nikamwachia mkono, nikakimbilia ng'ombe wa saruji.

Walikuwa maksai wawili wenye pembe za buluu, wamefungwa gurudumu la kuvutia maji. Nilikuwa nampapasa mmoja nundu yake nilipoisikia sauti ya bibi imetoka kama ya mtu aliyekanyaga msumari. Nikakimbia. Kando ya kisima cha saruji alisimama mwanamke wa sketi nyekundu, ameshika kamba ya ndoo, na bibi alikuwa ameshaivua leso yake begani, amemfunika yule mwanamke kichwa chote na anamfunga kidevuni. Mimi niliona sketi, mikono, miguu yenye furungu vifundoni kama bangili, na juu yake leso.

"Nani amemfukua mwanangu?" bibi akalia. "Nimemwosha kwa mikono yangu hii! Nimemtia pamba mwenyewe! Nani kamtoa kaburini akamleta kuteka maji kwa Mhindi?"

Babangu akapiga magoti mchangani na kanzu yake ya Idd.

"Ni mimi, mama."

"Wewe? Na ukuta?"

"Hakuna ukuta, mama. Mhindi alinipa picha za kila kitu, ng'ombe, mavazi, gurudumu. Wa kisimani picha yake ilikuwa imefunikwa uso na mtandio. Nikakaa na saruji mkononi, nikafikiri niweke uso wa nani. Na mimi uso ninaoujua ni mmoja."

Bibi akamtazama sana. "Hata mwanya umeutia," akasema.

Mamangu alikuwa na mwanya! Ule uwazi mdogo kati ya meno ya mbele ambao kwetu watu huwaombea binti zao. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichowahi kuambiwa juu yake, na hata hivyo sikuambiwa mimi. Nikapitisha ulimi kwenye meno yangu, nikayakuta yamebanana. Nikarukia ile leso niivute. Bibi akanidaka, akanibana kifuani mwake, nikapiga mateke na kulia na buibui linanijaa mdomoni. "Usitazame!" ananiambia. "Usitazame, mwanangu!"

Hukumu ya bibi ikatoka palepale. Sanamu lisilo na kichwa ni kigogo tu, halina dhambi, hivyo ndivyo tulivyofunzwa. Basi kichwa kivunjwe. Na bibi alikuwa na jambo jingine lililomuuma kuliko dhambi: mwanawe kusimama pale juani nywele nje, anapitiwa na wanaume wasiomhusu. Mhindi akaitwa. Mzee wa watu alisikiliza, akavua miwani yake akaifuta, akasema yeye naye alikuwa na mama, tufanye tunavyoona ni sawa. Babangu akasema, "Kesho baada ya alfajiri, mama, kabla watu hawajaja."

Jioni ile sikula. Pilau ya Idd ilipoa mbele yangu. Nikamwendea bibi kwenye mkeka wake.

"Bibi, niache nimtazame. Mara moja tu."

"Umtazame nani? Lile ni jiwe."

"Kama ni jiwe mbona unalia?"

"Wewe mtoto, usinijibu hivyo." Kisha sauti ikamlegea. "Ukimwona leo, kesho utataka tena. Mimi nilimzaa, na kwa taabu nimeweza kumwacha. Wewe utaweza?"

"Mimi sina wa kumwacha, bibi. Kwani nimempata lini?"

Akageukia ukutani. Nikatoka nje kwa babangu, nikamkuta ananoa tindo ya kuvunjia saruji. Nilimshika miguu, nikamlilia kama mtu mzima anavyolia msibani, nikamwambia nitafanya lolote, nitachota maji ya mtaa mzima. Alisema neno moja, "Lala," na hakuniangalia. Nililala nimekata tamaa, na macho yakakataa kufumba.

Alipotoka alfajiri nikamfuata. Alisikia champali zangu zikinipiga nyayoni. Hakunirudisha. Tulipokaribia shambani akapunguza mwendo, nikamfikia. Mlinzi akatufungulia. Babangu akaweka mfuko wa vyombo chini, akaninyanyua mpaka usawa wa leso.

"Ivue," akasema. "Mtazame mpaka jua litoke."

Nikafungua fundo la bibi.

Alikuwa anacheka. Kicheko kidogo, cha mtu aliyeitwa jina akageuka. Nyusi moja ilikuwa juu kuliko nyingine, paji pana, kipini puani, na mwanya. Nilimgusa shavu, lilikuwa baridi kwa umande. "Shikamoo mama," nikamwambia. Nilikuwa nimengoja siku zote nimwone, na sasa nilikuwa nangoja tena, sijui nini, labda naye anione. Lakini yeye alikuwa anamchekea mtu aliye nyuma yangu. Nikageuza shingo, nikakutana na uso wa babangu. Pale ndipo alipokuwa amesimama akimtengeneza.

Jua lilipopenya minazini tukamsikia bibi akihema. Alikuwa ametembea peke yake kutoka Junda. Alipomwona mwanawe yuko wazi hakunigombeza. Alimtazama, akasema, "Bismillahi. Piga."

Babangu akanishusha. Akapiga.

Alidhani kichwa kitakatika shingoni mara moja kianguke. Lakini alikuwa ameukoroga mchanganyiko ule kwa mapenzi, saruji nyingi mchanga kidogo, ustahimili masika na masika. Pigo la kwanza lilichepuka, likaondoka na pua. La pili likachukua shavu. Nondo ndani zikawa zinalia kila akipiga, sauti nyembamba, na kichwa hakiondoki.

"Mbona unamtesa?" bibi akasema.

"Saruji ngumu, mama." Akapiga tena, jicho likaenda.

"Basi mwache!" Bibi alikuwa ameketi mchangani, amejishika kichwa. "Mwache, anaumia! Astaghfirullah, mwache mwanangu!"

Babangu akasimamisha nyundo hewani. Vumbi lilikuwa limemtia weupe kwenye nyusi, na machozi yamechora mifereji. Tukamtazama mamangu sote watatu. Jicho moja lilikuwa limebaki, na nusu ya mdomo, na ule mwanya.

"Nimwache vipi sasa, mama?" akauliza. "Nimwache hivi?"

Akaendelea, na mimi niliangalia mpaka mwisho, kwa sababu ni mimi niliyeomba kumwona. Kisha bibi aliikung'uta leso yake vumbi, akaifunga kiunoni, tukarudi Junda. Wageni waliendelea kwenda bustanini miaka mingi baada ya hapo na kumcheka mwanamke asiye na kichwa anayeteka maji. Mwishowe Mhindi alikufa, watoto wake wakauza shamba, pakajengwa nyumba za kupangisha.

Bibi naye alifariki mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mimi nikaolewa, nikajifungua binti, na alipoanza kuota meno ile hamu yangu ya zamani ikafufuka kwa kishindo. Nikaenda kwa babangu. Nikamwambia bibi hayupo, hakuna wa kutukataza, anifanyie uso tu, mdogo wa kiganja, nitaufungia kabatini asiuone mtu. Nilidhani atanihubiria haramu na halali. Wapi! Alikoroga saruji kidogo juu ya ubao, akatafuta mwiko wake mdogo, akakaa barazani.

Akaweka paji. Paji lilikuwa pana, nikasogea karibu. Akashusha kidole gumba kwenye pua, akasita. Akafuta yote. Akaanza tena, akafika palepale, akafuta.

"Vipi, baba?"

"Kila nikifika puani naona pale nilipopiga kwanza."

"Basi anzia macho."

"Nimeanzia kote, mwanangu. Naukumbuka ukivunjika tu."

Akanyunyiza maji, akakandakanda, lakini saruji ikishaanza kushika haimngoji mtu, na yeye alilijua hilo kuliko mimi. Ilikuwa inamkaukia vidoleni. Akaninyanyulia uso, na nilimwona amezeeka.

"Wewe siku ile ulimtazama vizuri," akasema. "Nilikunyanyua makusudi. Hebu niambie upesi, alikuwaje?"

Nikafumba macho, nikamtafuta. Nyusi, kipini, mwanya, maneno yake ninayo, lakini sura haikuja. Nikaona leso, nikaona vumbi, nikaona jicho moja. Binti yangu alikuwa analia ndani anataka kunyonya.

"Mzuri," nikamwambia.