Upande wa Pili wa Santuri Yetu

Bendi yetu haikuwa na mwimbaji. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa mtaani waliokuja kutusikiliza walimsubiri mwimbaji huyo mpaka mwisho, na wapo waliorudi nyumbani wakiamini kwamba siku hiyo alikuwa mgonjwa.

Tulikuwa watatu. Mpiga gitaa alikuwa karani wa reli, akikaa katika nyumba za reli pale Muthurwa na mkewe na mtoto mchanga. Mpiga ngoma alifanya kazi kwenye kiwanda cha mablanketi na alikuja mazoezini kwa miguu kutoka Mukuru kwa Njenga, vijiti vyake amevichomeka ndani ya soksi. Mimi nilipiga besi. Mchana nilikuwa mpiga chapa, kazi ya kelele kutwa nzima, na labda ndiyo maana kelele za jioni hazikunichosha. Hii ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini.

Bendi hazikukosekana Eastlands, mitaa yetu ya mashariki mwa jiji. Kulikuwa na za rumba, za benga, na za vijana wa suruali pana waliokariri nyimbo za Marekani bila kuelewa wanachokiimba. Sisi tulipiga roki ya ala tupu, vibao virefu visivyo na neno hata moja, na aliyetutia katika ugonjwa huo ni mpiga gitaa. Alikuwa amesikiliza santuri ya kigeni kwa rafiki yake, upande mzima gitaa na ngoma tu, akarudi kwake kama mtu aliyeokoka. Akaipasua spika yake kwa wembe ili gitaa lingurume. Akaokota nati kubwa ya chuma kwenye karakana ya reli, akawa anaisugua juu ya nyuzi, na mlio uliotoka hapo sijui niuite nini hadi leo. Siku moja mkewe aliniuliza, kwa upole tu, kama mume wake yuko sawa. Nikamwambia yuko sawa. Sikuwa na hakika.

Tulifanyia mazoezi kwenye ukumbi wa baraza la mji, jioni ambazo kwaya haikuwa na haja nao. Msimamizi wa ukumbi alikuwa mzee wa tai na funguo nyingi, mtu mpole ambaye hakupenda muziki wetu hata kidogo. Alitufungulia mlango, akaketi nje mpaka tumalize.

Ilituchukua muda kumpata mtu wa kututolea santuri. Yule tuliyempata mwishowe alikuwa na duka mjini na studio ndogo nyuma ya duka. Tulimpigia kibao chetu kirefu kuliko vyote. Akasikiliza amekunja mikono.

"Sauti iko wapi?"

"Hakuna sauti," mpiga gitaa akamjibu.

"Basi mwenye kuimba atakuja lini?"

"Haji mtu. Ndiyo hiyo imeisha."

Alitutazama kwa huruma. Nadhani alikubali kwa ajili ya nusu ya pili tu, maana ngoma zilipoingia mguu wake ulikuwa ukigonga sakafu bila yeye kujua.

Siku hizo wimbo ulikuwa mrefu kuliko upande mmoja wa santuri ndogo, kwa hiyo ulikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza mwimbaji alieleza shida zake zote. Upande wa pili magitaa yalichangamka, na watu wakaacha viti. Kila mnunuzi alijua utaratibu huo: upande wa kwanza unasikilizwa, wa pili unachezwa. Nasi tuliufuata, ila bila maneno. Upande wa kwanza gitaa lilikuwa karibu peke yake, likilia taratibu, besi ikilifuata nyuma. Upande wa pili ngoma ziliingia na kila kitu kikaanza kukimbia. Tuliona tumefanya jambo la akili sana.

Siku santuri ilipotoka, nilikwenda kusimama mbele ya duka kama mtu aliyepita tu. Mwenye duka aliuweka upande wa kwanza kwenye spika ya nje. Wapita njia wakasimama, wakamsubiri mwimbaji, wakaenda zao. Nikamwambia ageuze santuri. Akasema wateja wanataka kitu kinachoimbika, akaweka rumba. Nilimchukia mtu yule kwa mchana mzima.

Zikapita wiki kadhaa. Jioni moja nilikuwa kwa kinyozi Huruma, shuka shingoni, nusu ya kichwa imekwisha kunyolewa, redio ikiwa juu ya rafu. Ghafla nikalisikia gitaa letu. Halikuwa linalofanana na letu, lilikuwa letu, na besi yangu nyuma yake. Nikaanza kupiga paja kwa mkono na kutabasamu peke yangu kwenye kioo. Kinyozi alikuwa ameinyamazisha mashine yake. Wateja waliokuwa kwenye benchi wameacha kuongea. Nikafikiri, kumbe watu wetu wana masikio. Kisha gitaa likafifia, mtangazaji akaingia na ile sauti yake ya taratibu: kwa huzuni tunatangaza kifo cha fulani, baba yake fulani, wa kijiji fulani. Na mimi bado nilikuwa nikitabasamu.

Asiyekaa Eastlands wakati huo inafaa aelezwe. Matangazo ya vifo yalikuwa saa ya kila mtu. Nusu ya mtaa ilikuwa na wazazi Murang'a na Nyeri, nusu nyingine Kakamega na Siaya, na habari ya msiba ilifika kwa redio kabla ya kufika kwa mtu. Yalipoanza, watoto walinyamazishwa, sufuria ziliteremshwa motoni, na ploti nzima, wapangaji wote wa ua mmoja, ilitega sikio ikiomba kijiji chake kisitajwe. Muziki wa kutangulia matangazo ulihitaji kuwa wa polepole na usio na maneno. Huko kwenye redio mtu alitafuta santuri ya namna hiyo, na nchi nzima haikuwa na nyingi.

Basi tukapata umaarufu. Kila jioni tulisikika kwa dakika moja hivi, kisha tukakatwa. Mpiga ngoma alipiga mluzi wa kibao chetu kiwandani, mama mmoja akamuuliza kwa hasira anamwita nani. Jirani yangu alikuwa akizima redio yake kila ikianza, na baada ya kuizima anaiwasha tena, kwa sababu kutojua kulikuwa kubaya zaidi. Mimi niliona aibu. Mpiga gitaa hakuona aibu yoyote, na hilo liliniudhi.

Katikati ya mambo hayo reli ikataka kumhamishia Kisumu. Mkubwa wake alikuwa tayari kumtuma mwingine, ila alitaka jibu upesi. Wakati huohuo msimamizi wa ukumbi, ambaye vijana walikuwa wakimsumbua wapate bugi, yaani dansi ya Jumapili alasiri, alituambia tujaribu. Watu wakicheza, Jumapili moja ya kila mwezi ingekuwa yetu. Mpiga gitaa alituita kwake Muthurwa akatueleza wazi, mkewe akisikia.

"Tukipewa ukumbi, nabaki. Tukikosa, naenda Kisumu na hii maneno ya bendi imeisha. Nimeshamwahidi huyu."

Mkewe hakuinua macho kwenye nepi alizokuwa akikunja.

"Basi ile ya redio tuiache," nikasema.

"Tuache ngoma yetu wenyewe?"

"Si yetu tena. Ni ya marehemu."

"Watu wamesikia mwanzo tu, bwana. Wakisikia pahali inakimbia, hakuna mtu atabaki kwa kiti."

Mpiga ngoma, ambaye hakuwahi kukataa nafasi ya kupiga kwa kasi, akamuunga mkono. Nikawaambia wote wawili ni wajinga. Tukaachana bila kukubaliana, na mimi nikaamini nimeshinda kwa kuwa nilisema mwisho.

Jumapili ya kujaribiwa ukumbi ulijaa. Wasichana walikuja kwa vikundi, wavulana wakasimama ukutani na kofia zao, mama mmoja akaweka beseni lake la mandazi mlangoni. Tulianza na vibao vifupi. Mwanzoni walimsubiri mwimbaji kama kawaida. Kijana mmoja alinijia jukwaani kuniuliza, "Mnapima vyombo mpaka saa ngapi?" Lakini mpiga ngoma alikuwa na siku yake. Kufikia kibao cha nne kina mama wenyewe walikuwa wanatingisha mabega, na msimamizi amesimama kando akipiga funguo zake kwenye kiganja, karibu apatane na ngoma. Tungefunga hapo, ukumbi ungekuwa wetu. Nilimtazama mpiga gitaa nikamwonyesha kwa kichwa kwamba yatosha.

Hakunitazama. Alishusha mkono, akaanza kibao cha redio.

Mwanamume aliyekuwa karibu na mlango alivua kofia. Wengine wakavua. Wasichana waliokuwa wanacheka wakafunga vinywa, na waliokuwa wameketi wakasimama. Mama wa mandazi alilifunika beseni lake kwa kitambaa. Sauti zote zilikufa, nami nikiwa pale juu na besi yangu nikaelewa kwamba watu hawa wanasubiri majina. Walitutazama sisi, wakingoja tuyasome.

Gitaa lilifika pale redio hulikata. Likapita. Nikaona nyuso zikibadilika, kama watu waliovushwa mpaka wasioujua. Kisha ngoma zikaingia, nasi tukakimbia kwa nguvu zetu zote. Kijana mmoja alianza kuchezesha mabega, dada yake akampiga kofi la mgongo. Hakucheza mtu. Hakuondoka mtu pia. Walisimama kofia mikononi na kusikiliza mpaka mlio wa mwisho ukaisha ndani ya spika, na hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu kitu hicho hakipigiwi makofi.

Msimamizi alipanda jukwaani polepole.

"Vijana, niliwaomba bugi," akasema. "Hapa si matanga. Jumapili nitawapa wengine."

Tulikuwa tukikunja nyaya wakati mama wa mandazi alipomjia mpiga gitaa. Alikuwa mtu wa makamo, leso amejifunga kiunoni.

"Kijana, ni wewe unapigia redio hiyo kitu?"

"Ni sisi, mama."

"Mzee wangu alitangazwa na hiyo. Nilijua wanamtaja jioni hiyo, kwa hivyo nilikaa hapo kwa kiti nikingoja. Hiyo gitaa ikilia nilikuwa naona, bado kidogo, bado hajasemwa. Halafu wakakata." Akainua beseni lake. "Kila siku wanakata. Nimekuwa nikijiuliza huko mwisho inaishanga aje."

"Na umeonaje?"

"Inakimbia," akasema. "Sikujua inakimbia."

Akaenda zake. Tukabeba spika mimi na mpiga gitaa, kila mtu upande wake, na njia nzima nilimgombeza. Nilimwambia ameutupa ukumbi kwa ukaidi, na ametutupa na sisi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Hakuna mtu alitoka," akasema. "Umeona? Mpaka mwisho, hakuna mtu alitoka."

Alikuwa na furaha. Nilitamani kuiachia spika imwangukie miguuni.

Alikwenda Kisumu kama alivyomwahidi mkewe. Mpiga ngoma akachukuliwa na bendi ya rumba, akapata jina. Mimi nikaitundika besi ukutani, nikaoa, nikahamia ghorofa Huruma. Redio haikupata santuri nyingine ya polepole, au haikuitafuta, na kwa miaka mingi dakika yangu ya besi iliniingilia nyumbani kila jioni wakati wa chakula. Hasira iliisha yenyewe, sikumbuki lini. Nikazoea. Nilikuwa ninasikia gitaa lake na kusema moyoni, huyo hapo, bado ni mkaidi.

Jioni moja katika miaka ya themanini niliketi mezani, gitaa lile likaanza. Nikangoja kama watu wote, nikiombea kijiji cha mama yangu. Likakatwa pale pale. Jina la kwanza sikulijua. La pili lilikuwa lake: karani wa reli Kisumu, mume wa yule mwanamke wa nepi, baba wa watoto wanne. Lilisomwa upesi, kwa sababu orodha ilikuwa ndefu, kisha mtangazaji akaendelea na la tatu.

Niliumia. Sina namna nyingine ya kulisema. Nilizima redio, nikaitoa santuri chini ya nguo kabatini, nikaifuta vumbi kwa shati. Sikutaka upande wa kwanza. Huo alikuwa ameshapigiwa.

Ngoma zilipoingia mke wangu alitoka jikoni, mikono ina unga, akauliza ni nani amekufa. Nikamwambia. Akasimama wima, kichwa ameinamisha, kama tulivyolelewa sote. Akasikiliza kidogo.

"Hii siijui," akasema.

"Ni ileile. Hawaigeuzi tu."

Niliongeza sauti nikafungua dirisha, ploti nzima isikie. Kisha nikamshika mke wangu mikono yenye unga, nikamwambia hii inachezwa. Aliniangalia kama mke wa mpiga gitaa alivyokuwa akimwangalia mumewe. Lakini alikubali, tukacheza mpaka ikaisha.