Bonge Aliyebaki

Mtaa mzima uliwaita Mabonge Wawili, fundi cherehani na mdogo wake, karani wa mahakama. Walinenepa pamoja tangu shuleni, wakataniwa pamoja, na harusini walikaa upande wao wakicheka kabla hawajachekwa. Kwa hiyo mdogo mtu alipokwenda kufanyiwa upasuaji wa kupunguza unene, tumbo likakatwa likabaki kijifuko cha ukubwa wa yai na utumbo ukaunganishwa upya, dada mtu alimwombea heri kwa mdomo tu. Moyoni alijiona ametupwa.

Mwaka ukapita, mdogo akapukutika. Kila mwezi alileta magauni yapunguzwe, na fundi, pini mdomoni, alimpima kiuno huku roho ikimchoma. Wateja walimsifu karani, kisha wakamgeukia yeye wakimuuliza zamu yake lini. Hata mama yao alibadilisha picha ya sebuleni, akatundika ya mwembamba peke yake. Fundi akaanza kuyabana magauni kidogo kwapani, makusudi.

Mwaka wa pili mdogo alianza kushikwa na maumivu kila akila. Yalimkunja chini ya mbavu, akatapika, kisha yakapotea kama hayakuwapo. Siku moja alitapikia chooni pale dukani, akatoka akijifuta macho, akamwomba dada yake asimwambie mama, maana mama ana presha. Fundi alikubali upesi mno. Alijua halikuwa jambo la kuficha. Karatasi ya hospitali, aliyoisoma mwenyewe, ilisema maumivu ya namna hiyo yawahiwe siku hiyohiyo. Lakini aliporudi kwenye cherehani alishona hadi jioni kwa raha ambayo hakuwa ameipata kwa muda mrefu. Wiki tatu akapiga kimya.

Wiki ya nne, akipimwa sketi, mdogo alianguka sakafuni, jasho likimtiririka. Hospitali wakamwingiza moja kwa moja chumba cha upasuaji. Baadaye daktari akaeleza kuwa utumbo ulipenya kwenye upenyo uliobaki tangu upasuaji wa kwanza, ukajisokota. Kipande kilikuwa kimekufa. Wamekikata, wameunganisha upya na kuziba ule upenyo. Akauliza maumivu yalianza lini. Mama akajibu, leo.

"Wiki tatu zilizopita," fundi alisema. "Nilijua."

Mama hakumsemesha kwa siku nne. Siku ya tano, wakiwa wawili tu wodini, fundi alimwambia mdogo wake yaliyobaki: kwamba alifurahi. Mdogo alimgeuzia uso, mpira wa hospitali ukiwa bado puani.

"Ulitaka nife?"

"Hapana. Nilitaka urudi."

"Nirudi wapi, dada?"



Mdogo alipona polepole. Anakula vijiko vichache kwa wakati, anameza vitamini kila siku, na kovu refu limekatiza yale madogo ya zamani. Siku za kliniki humtaka dada yake amsindikize, si mama, na humwachia yeye amweleze daktari kila kinachouma. Lakini nguo zake huzipeleka kwa fundi mwingine, duka la ng'ambo ya barabara. Dada mtu humwona kupitia dirishani akinyoosha mikono apimwe, akicheka na yule mwanamke mwenye futi shingoni, na kijicho humshika upya, kikali kuliko kile cha kwanza.