Nahodha Aliyesahaulishwa Mwanawe

Mtaani walimwita Nahodha, na wengi hawakumjua kwa jina jingine. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye goti bovu, hata baiskeli hajawahi kuendesha. Lakini sauti yake ndiyo iliyotoka kinywani mwa nahodha wa chombo cha anga, katika tamthilia ya kigeni iliyotafsiriwa na kurushwa kwenye televisheni kwa miaka mingi. Kazi yake ilikuwa kuingiza sauti. Alikaa katika chumba kisicho na dirisha, kuta zimefunikwa sponji, akiitazama midomo ya mwigizaji asiyemjua na kuijaza maneno ya nyumbani. Akienda kununua sabuni, mwenye duka humuuliza kama leo wanatua au wanapitiliza.

Aliishi na dada yake, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Dada alikuwa mshonaji wa mashuka ya hospitali, mpaka moyo ulipoanza kumsumbua akawa mtu wa kochi na mito. Wengine waliipenda tamthilia ile kwa vita vya angani. Dada alikuwa na lake: nahodha alikuwa na mtoto wa kiume aliyeondoka na chombo kingine, na chombo hicho kikapotea. Na mtoto wa dada mwenyewe, wa pekee, alikwenda ng'ambo kutafuta kazi. Alipiga simu mara chache, kisha kimya. Nyumbani habari zake hazikuguswa. Zilizozungumzwa ni za nahodha.

"Hivi lini atakwenda kumtafuta mwanawe?" dada aliuliza.

"Mimi nasoma tu, dada. Wanaoandika ni wengine."

"Basi hao wengine waambie mwenzao anaumia."

Tamthilia iliisha nahodha akikiacha chombo kikubwa na kuingia katika kidogo, peke yake. "Namfuata mwanangu," ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho, na mdogo mtu aliyasema kwa uchungu hivi kwamba fundi mitambo alijifanya anakohoa. Siku iliporushwa, dada alilia, akajipangusa, akasema haidhuru, maadamu ametoka, atampata.

Miaka ikapita. Miguu ya dada ilikuwa imeanza kuvimba, na daktari hazungumzi tena habari za kupona, ndipo ikasikika kwamba kuna tamthilia mpya iliyotokana na ile ya zamani, inayomfuata nahodha peke yake. Dada akapata nguvu za ghafla. Akala bila kubembelezwa. Kila mgeni aliyeingia alielezwa kisa kizima, atake asitake.

Siku ya kwanza ya kurekodi, mdogo mtu aliketi mbele ya kipaza sauti akafunua kurasa. Nahodha sasa alikuwa na mgahawa kwenye sayari ya watalii. Alikuwa na roboti anayeimba na jirani mwenye wivu, na utani ulifuatana bila kupumua. Alifunua mpaka mwisho akitafuta neno "mwanangu". Halikuwamo.

"Mtoto yuko wapi?" alimuuliza msimamizi wa sauti, mwanamume mpole waliyeanza naye kazi.

"Kwenye hii hana mtoto. Wanasema watazamaji wamechoka na huzuni."

"Hapa anapotazama nje dirishani, niruhusu niseme neno moja tu."

"Midomo imefumbwa pale." Msimamizi aliinamisha macho. "Ningekuwa na uwezo ningekupa. Wataikataa kazi yote."

Akasoma kama ilivyoandikwa. Nyumbani hakusema kitu.

Jioni ilipoanza kurushwa, dada alivaa gauni lake zuri akaomba aegemezwe vizuri. Majirani walijaa sebuleni. Roboti aliimba, watoto wakacheka, na watu wazima wakaanza kukumbuka shughuli zao mmoja mmoja. Dada alitazama mpaka majina yakaisha kupita.

"Ni mwanzo tu," alisema. "Wanatuzungusha."

Wiki iliyofuata alisema hivyo hivyo, na nyingine pia, sauti ikizidi kufifia. Baadaye akawa anatazama tu. Kisha kituo kikaikatisha tamthilia katikati, bila hata kuaga, na nafasi yake wakaweka mchezo wa bahati nasibu.

"Iliishaje?" dada aliuliza, mdogo wake akimkanda miguu.

Swali hilo alikuwa amejiandaa nalo. Alikohoa kidogo, akaivaa sauti ya nahodha. "Nimepokea ishara. Chombo chake kimeonekana. Mwanangu yu hai..."

Dada aliinua mkono. "Acha. Ukitaka kunidanganya, mdogo wangu, nidanganye kwa sauti yako."

Alijaribu. Aliacha kumkanda miguu.

"Sijui alipo, dada," alisema mwishowe. "Sijui hata kama yupo."

"Hata mimi sijui."

Hapo ndipo walipomzungumzia kijana mwenyewe, bila kumpitia nahodha. Dada alikumbuka alivyokuwa akila amesimama, na jinsi alivyoapa kwamba viatu vyake vimeibwa kumbe kampa mwenzake. Alicheka mpaka pumzi zikamkatika, ikabidi alazwe ubavu.

Hakumaliza mwezi. Alifariki usingizini. Walipiga namba ya ng'ambo aliyowahi kuitumia kijana, asubuhi hiyo na tena kabla ya mazishi, haikupatikana, wakamzika.

Mdogo mtu alirudi kazini, akapewa sauti ya bibi mkorofi kwenye katuni. Watoto waliokuwa wakimwita Nahodha wamekua, wamehama, na hawa wapya humwita shangazi. Simu ya dada yake huiweka chaji kila siku, kwa kuwa ndiyo namba pekee ambayo kijana anaijua. Wanaopiga ni watu wa matangazo, na waliokosea namba. Yeye huzipokea simu zote.