Tela la Kumlaza Mzazi

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata sasa, nikiwa peke yangu chumbani, najifunika uso kwa mkono kama vile kuna mtu ananitazama. Sikuwa na nia ya kukusimulia. Lakini umekuja na toyo yako mpya, hiyo pikipiki ya mizigo, unaniuliza ufunge tela gani nyuma yake, tela lenye kitanda ili uwe unalala humo ukipeleka dagaa wa Katonga huko Simbo na mbele zaidi. Nimekuona macho yanavyokung'aa ukilitaja lile kubwa lenye madirisha. Macho hayo nayajua, nilikuwa nayo mimi. Kaa basi, unywe chai, dagaa hawaozi.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Siyo hii ya juzi unayoikumbuka wewe, ile ya nyuma, mimi nikiwa kijana sina hata ndevu za kunyoa. Warundi walikuwa wakiingia kila siku, wengine kwa mitumbwi ziwani, wengine kwa miguu kupitia Manyovu, wanateremka na barabara mpaka kwetu Mwandiga. Kigango chetu kilikuwa na pikipiki ya magurudumu matatu. Aliiacha padri mmoja mgeni aliyekuwa na mguu mbovu. Aliifungia magurudumu mawili nyuma ili asianguke, na alipoondoka akatuachia. Watu waliiita Mafiga, maana ilisimama kwa matatu. Dereva wake nilikuwa mimi, Mathiasi, na usinione hivi nilivyokunjamana. Nikipita na Mafiga, nilikuwa sigeuzi shingo, naacha watu ndio wageuze zao.

Mzee Leonsi, katekista wetu, ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki. Siku hiyo aliniita akaniambia, "Mathiasi, kule mpakani wanawake wanajifungua njiani. Wakiletwa huku wanaletwa wamekaa juu ya mizigo kama magunia. Nenda Ujiji kwa fundi Shabani, ana matela mawili ya kulala. Chagua moja ambalo Mafiga italiweza. Mzazi alale humo, na giza likiwakuta njiani mlale hapohapo mpaka kuche. Chukua jepesi, mwanangu. Unaijua ile milima."

Naam, niliijua. Nilikuwa naipanda kila wiki.

Fundi Shabani alikuwa nayo yote mawili uani. La kwanza lilikuwa la wazungu fulani waliokuwa wakizunguka Afrika wakilala porini. Walipofika Kigoma wakakuta njia ya Burundi haipitiki kwa vita, wakaliacha, wakaondoka na treni. Lilikuwa la mabomba membamba ya alumini, magurudumu madogo, na turubai lililopauka. Ukivuta kamba, turubai linasimama hema, na ndani mna kitanda cha kumtosha mtu na mwenzake. Likikunjwa halifiki hata kiunoni. Nilishika ncha yake nikainua kwa mkono mmoja, nikacheka. Nilisema moyoni, mimi Mathiasi nionekane nakokota mwavuli?

La pili, aisee! Fundi alilijenga mwenyewe kwa mbao za mninga, ekseli ya gari, paa la bati, madirisha mawili ya vioo, mlango wenye kitasa, na ndani pazia la maua. Alilipaka rangi ya bluu inayokuita toka mbali. Ilikuwa nyumba kabisa, imekosa jiko tu. Nilipoliona, nikajiona nikiingia nalo Mwandiga siku ya soko, mabinti wa kwaya wamesimama barabarani.

"Yajaribu yote mawili," fundi alisema. "Mimi nikisema neno utadhani nalipigia debe la kwangu."

Nikayajaribu. Nikafunga lile la wazungu, nikapanda nalo kile kilima cha kutoka Ujiji, Mafiga ikapanda huku inaimba, kama haijui kuna kitu nyuma. Nikarudi, nikafunga la bluu. Tupu, mwanangu, halina mtu wala godoro. Kilima kilekile pikipiki ilikwenda gia ya kwanza, inalia, na klachi ikaanza kunuka. Juu kabisa nilishuka nikaipoza, nikatazama kulia na kushoto kama kuna aliyeniona. Hakuna. Nikarudi kwa fundi nikamwambia nachukua la bluu.

Sasa sikiliza uongo ulivyo na adabu zake. Unajua kwetu sisi Waha, na kwa Warundi vilevile, mzazi akishajifungua anakaa kiriri. Analala ndani, mahali palipositirika, haonwi na mpita njia yeyote mpaka siku zake zitimie. Basi Mzee Leonsi alipoliona lile tela akaguna, "Mathiasi, hili si zito?" Nikamjibu kwa sauti ya upole, macho chini, "Linapanda vizuri tu, baba. Na lile jingine ni turubai. Upepo ukilipeperusha, mzazi ataonwa na dunia nzima. Nimeona tumlindie heshima yake." Mzee akanishika bega akasema, "Umefikiri kama mtu mzima." Nikapokea sifa hiyo bila hata kupepesa jicho. Mpaka leo sijui nilipata wapi ujasiri huo.

Kwenda Manyovu nilikwenda kwa shida, nasimama kila mlima unapokwisha, napoza injini. Watu walilishangaa tela, na mimi shida yote nikaisahau. Pale mpakani nikakabidhiwa mwanamke mmoja, Konsolata, aliyejifungua kwenye migomba siku moja kabla. Mtoto alikuwa mzima, lakini mama damu ilikuwa haijakata sawasawa. Muuguzi alinisogelea akaniambia mambo mawili tu: afike hospitali ya mjini leo, na asisimame. "Alale mpaka mlangoni mwa hospitali. Umenisikia, kaka?" Nikasema nimesikia. Mama mkwe wake, bibi mmoja mwembamba aliyefunga kitenge kifuani, akaingia naye ndani akiwa na mtoto. Nikafunga mlango kwa kitasa, nikavuta pazia. Haki ya Mungu, nilijisikia mtu.

Tulipofika kile kipande kirefu cha kupanda kabla ya Kalinzi, kwenye mashamba ya kahawa, Mafiga ilishindwa. Gia ya kwanza, ikanguruma, ikasimama. Kisha ikaanza kurudi nyuma. Nilikanyaga breki kwa nguvu zote. Nikapiga kelele, "Bibi, shuka na mtoto, tupunguze uzito!" Bibi akashuka. Tukasogea hatua chache, ikasimama tena.

Barabara ilikuwa imejaa wakimbizi wanaoelekea kwetu, wengi wanawake na vifurushi vichwani. Nikawaita, "Njooni mtusaidie, kuna mzazi humu!" Neno hilo likatosha. Watu ambao hawakula tangu jana wakatua mizigo yao, wakaweka mikono kwenye mbao zangu za mninga. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya kiti, nashika usukani. Nikiachia breki kabla hawajajipanga linawarudia wote. Kwa hiyo sikuweza kugeuka. Nilipaza sauti tu, "Sukumeni! Haya, sukumeni!" Ikaanza kupanda. Nikasikia linakuwa jepesi kidogo, nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi, nikadhani ni Mafiga imepata nguvu.

Tulipofika juu nikafunga breki, nikaweka jiwe chini ya gurudumu, nikageuka kuwashukuru. Mlango wa tela ulikuwa wazi. Kitanda kilikuwa kitupu.

Nikazunguka nyuma. Wanawake walikuwa wamesimama duara, wameinua vitenge vyao juu kwa mikono miwili kama ukuta, wamegeuzia nyuso nje. Walikuwa wamepanda mlima wote hivyo, wengine wakisukuma na wengine wakishika vitenge. Katikati yao alikuwa Konsolata. Mkono wake mmoja bado ulikuwa kwenye ubao wa tela, umeshikilia. Alikuwa amesukuma. Aliposikia tela linarudi nyuma, na kuona kupitia dirisha langu zuri la kioo wenzake walivyokonda wanavyohema, alifungua kitasa akashuka. Nguo yake ilikuwa imelowa, na mimi nikatazama chini maana sikuwa na haki ya kuona.

Nikafungua mdomo niseme samahani. Bibi akanitangulia. Hakupaza sauti. Alikuwa na Kiswahili chake cha kuokota, lakini siku hiyo hakikukosea.

"Mwana wanje," alisema, yaani mwanangu, "huyu alibebwa kwa ingobyi kutoka migombani mpaka mpakani." Ingobyi ni machela yao, blanketi na miti miwili, wanaume wanne begani. "Wale wanaume walikuwa na njaa, na risasi ziko nyuma. Hawakumshusha chini hata mara moja. Wewe umemshusha."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wale wanawake walinitazama, wakaacha kunitazama, na hilo la pili ndilo liliniuma zaidi.

Na bado mteremko ulikuwa mbele. Mtu yeyote aliyewahi kushika breki angeona kwamba tela lile likianza kuteremka litaisukuma Mafiga mpaka korongoni. Nilipolisema hilo kwa sauti ya kunong'ona, hakuna aliyeshangaa. Vijana wa pale Kalinzi walishafika, Waha wenzangu, wakakata miti miwili shambani, wakang'oa lile pazia la maua na blanketi la kitandani, wakafunga ingobyi. Nikasema nami niingie begani. Mmoja akanijibu bila hasira, "Wewe kaa na nyumba yako." Wakaondoka naye mbio, bibi na mtoto nyuma yao. Chini wakapata lori la kahawa, dereva akamlaza Konsolata juu ya magunia, akampeleka mjini.

Alipona, mwanangu. Nakuambia mapema ili usihangaike. Lakini hospitalini walilazimika kumtoa kizazi. Yule mtoto wa migombani akawa wa kwanza na wa mwisho. Nilimwuliza daktari, kama ni kule kusukuma. Akasema damu ilishaanza toka mwanzo, hakuna awezaye kujua. Nimeishi na jibu hilo mpaka mvi hizi. Lingekuwa ndiyo, ningelia yakaisha. Lingekuwa hapana, ningelala.

Jioni ya siku ile, nikiwa nimerudi na Mafiga peke yake, Mzee Leonsi alinikuta nimekaa nyuma ya kanisa. Nilijiandaa kwa maneno makali, na ningeyashukuru. Aliketi karibu yangu, akaniuliza, "Ulijua kwamba halipandi?"

"Nilijua, baba."

"Ulijua pale pale Ujiji?"

"Ndiyo."

"Na habari ya kumsitiri mzazi?"

Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Hiyo ndiyo imenichoma," alisema. "Uzuri wa tela ni ujana, ningekucheka. Lakini ulichukua heshima ya mwanamke ukaitumia kufunika majivuno yako." Akasimama akapangusa suruali. "Kesho nenda ukachukue lile la turubai. Kazi bado ipo."

Nikalichukua. Nikalivuta miaka yote ile, juu na chini, na wazazi wengi walilala humo, upepo ukipuliza wanawake waliinama wakafunga kamba, basi. Vijana wa Kalinzi waliniita Shukeni, kwa vile kwangu abiria hushuka, na wazee wenzangu wa kule wananiita hivyohivyo mpaka kesho. Konsolata alibaki huku kwetu, analima, na hajawahi kunitupia neno baya. Tukikutana ananiamkia vizuri, ananipigia makofi ya salamu kama ilivyo desturi yetu. Mimi ndiye ninayetafuta pa kutazama.

Kwa hiyo, mwanangu, nikuambie wazi, nisikuzungushe. Usichague tela ukiwa umesimama kando unalitazama. Weka mzigo wako wote ndani, pamoja na mtu mzito kuliko wewe, kisha lipeleke kwenye mlima mbaya kuliko yote utakayopita. Zima injini. Shuka, ulisukume mwenyewe kwa mikono yako. Likikushinda wewe mwenye shibe, jua kuna siku atalisukuma mwenye njaa. Na ukijikuta una sababu nzuri sana, yenye heshima tele, ya kuchukua kile ambacho moyo wako ulishakitaka, simama hapohapo. Mwulize mtu asiyekupenda sana.

Haya, maliza chai. Mungu akubariki wewe na toyo yako, akupe breki zinazoshika na watu wema juu ya kila mlima. Na ninamwomba hasa jambo hili moja: mtu uliyekwenda kumbeba, asije akashuka akubebe wewe.